Nywele za Mpiga Mishale

Mie ni msusi, na nasuka vizuri. Nalisema mapema ili anayetaka kubisha abishe sasa hivi, tusipotezeane muda. Hapa Mayfair, mtaa wa Johannesburg, wasusi tumejaa, kila kona utaona kiti, kioo na mtu kajiinamia. Lakini nywele zao nyingi zinalegea kabla harusi haijaisha. Zangu hazilegei. Mama mkubwa aliyenifunza kazi hii kule Tanga alikuwa akinipiga kofi la mkono akiona nimeacha unywele unaelea, basi nikakua na vidole visivyo na huruma. Mteja akilia namwambia, "Lia tu mwanangu, utacheka mwezi mzima."

Chumba changu cha saluni kiko nyuma ya duka la vitambaa la Msomali mmoja. Tunagawana kodi na dada wa Lubumbashi, yeye kazi yake dawa za nywele na mawigi. Ni mtu wa kanisa, anaimba kutwa. Tumegombana kwa ajili ya dirisha, kwa ajili ya redio na kwa ajili ya harufu ya dawa zake, lakini kwa ajili ya mteja hatujagombana hata siku moja.

Basi ilikuwa Agosti, ule mwezi ambao upepo wa Johannesburg unakuletea vumbi la machimbo mpaka kwenye meno. Mlango ukafunguliwa, akaingia mwanamke wa Kizungu, mrefu, nywele rangi ya ndevu za mahindi. Umri wake ule wa mtu ambaye si msichana tena na hajakubali kuambiwa. Nikamwona bega la kulia limejaa kuliko la kushoto, nikadhani labda amewahi kuvunjika.

"Nataka nywele zisizosogea," akasema. Kiingereza chake kilikuwa cha kuokoteza, na changu ni cha Mayfair, kwa hiyo tukaelewana vizuri sana.

"Umefika," nikamwambia. "Kaa."

Dada wa Lubumbashi akamshika nywele kidogo, akatikisa kichwa. "Dada, hii nywele ya muzungu inateleza. Haitakamata. Ukaze nguvu!"

Kama vile mie nahitaji kuambiwa nikaze.

Kabla sijaanza nilimuuliza nywele zake zinasogea kwenda wapi hata zimkere hivyo. Akatoa simu akanionyesha picha. Alikuwa yeye mwenyewe ameshika upinde mkubwa wa kisasa, wenye vyuma huku na huku, ameuvuta uzi mpaka umebana ncha ya pua na kidevu. Yule mama alikuwa mpiga mishale wa mashindano, Mukraine, na wiki ile upepo ulikuwa umemtia shungi la nywele kwenye uzi. Alipouachia, uzi ukaondoka na nywele na mizizi yake, na mshale ukaenda kuchoma ubao wa jirani. Ukipiga ubao wa jirani unapata sifuri. Yeye alicheka akisimulia. Mie sikucheka, maana mtu kung'olewa nywele ni jambo linalonihusu.

Kusuka nywele za Kizungu ni adhabu, asikudanganye mtu. Unashika tatu, mbili zimekimbia. Nilitia nta, nikakaza, nikatia nta tena, na kwa kuwa kazi ilikwenda polepole, nilipata kuyasikia maisha yake yote.

Alianza akiwa mtoto, katika mji mdogo wa kwao, kwenye ukumbi wa mazoezi uliokuwa na baridi ndani kuliko nje. Mzee mmoja aliyefundisha pale ndiye aliyempa upinde wake wa kwanza. Mzee yule alikuwa na neno moja tu la kufundishia: usilenge kwa jicho, lenga kwa uso. Maana yake, uzi uguse pua mahali palepale, uguse kidevu mahali palepale, kila siku, kila mshale. Uzi ukihama upana wa ukucha, mshale kule mbele unahama upana wa mkono. "Uso wangu ndio kipimo changu," akaniambia kwenye kioo. Nikaitikia, eeh, huku natafuta kichana changu. Nilisikia, sikuchukua.

Akaingia timu ya taifa angali msichana. Akazunguka dunia. Kila nchi aliyoitaja nilimuuliza kule wanakula nini, na kila mara hakujua, alikumbuka upepo tu. Uturuki upepo unageuka mchana. Korea hakuna upepo, ila kuna Wakorea. Nilicheka mpaka nikaachia mstari. Alishapata medali na wenzake huko Ulaya, na safari moja alikosa kwenda michezo ile mikubwa kuliko yote kwa mshale mmoja tu. Aliisimulia hiyo kama mtu anavyosimulia sahani iliyomponyoka.

Kisha vita ikaja kwao. Ule ukumbi wa baridi ukaangushwa paa. Yeye akapata kazi huku Afrika Kusini, kufundisha kwenye klabu moja ya kaskazini mwa mji, lakini akaendelea kushindana chini ya bendera yake ileile. Mzee hakuondoka. Alikataa kuondoka, na mwaka uleule niliomsuka mie, mzee akafariki. Huyu mteja, ambaye sasa namwita shoga yangu, hakuweza kwenda kuzika.

"Ulifanya nini siku ya maziko?" nikamuuliza.

"Nilipiga mishale. Angekasirika akiniona nimekaa."

"Hukulia?"

"Sina muda, dada. Nina mashindano." Hilo neno dada alishaliokota humohumo saluni.

Moyoni nikasema, haya, lakini hilo jambo halijaisha.

Hayo mashindano aliyosema yalikuwa ya kimataifa, na mara hii yalikuwa yanafanyika hapahapa Johannesburg. Wakuu wa timu yao walimwambia wazi: ukifika nusu fainali, utabaki timuni na utakwenda mashindano ya dunia. Usipofika, nafasi yako anaipata msichana mwingine. Nikauliza huyo msichana ni nani, nianze kumchukia. Akasema ni msichana mzuri sana, yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha kushika upinde.

"Na wewe ukitoka timuni?"

"Nitakuwa mwalimu tu," akasema, na hilo neno "tu" lilitoka na uchungu wote aliokuwa nao. Tangu utotoni hakuwahi kuwa kitu kingine.

Nilipomaliza alijitazama kioo cha mbele na cha nyuma, akajitikisa kama mbwa aliyetoka majini. Hakuna kilichosogea. Akaondoka amefurahi, na mie nikajisifu mpaka jioni. Aliporudi wiki iliyofuata kunywa chai, maana alishageuka mtu wetu, akasema siku za kwanza kichwa kiliuma na mishale haikukaa, ila sasa yote yako sawa. Nikamwambia kila mtu ndivyo inavyokuwa, nywele mpya lazima zijitambulishe kwako. Hilo nalo lilipita sikioni likatokea upande wa pili.

Ikafika siku ya kuamkia mashindano. Akapita saluni kutuaga. Nikamtazama kichwa. Mistari imefumuka manyoya, mbele kumelegea, yaani kichwa kilichochoka.

"Na wewe ndivyo utakavyokwenda mbele za watu?"

"Ziko sawa, dada. Nimezizoea."

Ziko sawa! Sasa niseme nini? Kwetu mtu haendi kwenye shughuli na nywele za mwezi uliopita. Iwe harusi, iwe Idi, iwe kumpokea mgeni, unakaa chini, unafumuliwa, unasukwa upya siku ya kuamkia, na unalala umejifunga kitambaa. Shughuli kubwa kuliko zote maishani mwake, halafu aende na manyoya? Nikamvuta mkono, nikamkalisha. Nikamwambia hii ni zawadi yangu, usinitie aibu. Alijaribu kusema jambo, nikamwinamisha kichwa.

Haki ya Mungu, nilisuka. Mistari myembamba, inapanda inakutana utosini, nikapitisha uzi wa bluu na uzi wa njano, rangi za bendera yao. Na kwa kuwa nilijua uwanjani kuna upepo, nilikaza kuliko nilivyowahi kumkaza bibi harusi yeyote. Dada wa Lubumbashi akaja kutazama, akaziba mdomo. "Eh, dada, umekaza mingi! Nyusi yake inapanda, inakuwa kama mtu anashangaa!" Tukacheka wote watatu, na mwenye nyusi pia.

Asubuhi tukafunga saluni, tukaenda. Uwanja uko kaskazini, njia ya kwenda Diepsloot, nyasi za kahawia na baridi ya kukata midomo. Sisi wawili tulibeba chupa ya chai ya tangawizi, maandazi, na lile boksi la kuwekea vinywaji baridi, la kukalia. Nilidhani nitaona watu wachache wamejipanga na pinde zao. Loo! Mstari mzima wa wanawake kutoka nchi mbalimbali, kila mmoja na podo lake kiunoni, na mbao za shabaha ziko mbali mno, ile duara ya njano ya katikati mie niliiona kama kiini cha yai.

Raundi ya kwanza kila mtu anapiga peke yake, ili wapangwe nani akutane na nani. Mie mchezo ule siujui, lakini uso wa mteja ambaye hakuridhika naujua hata akiwa umbali wa barabara. Anavuta, anasita, anarudisha upinde chini. Anavuta tena, anaachia, kisha anatazama kwenye darubini yake na kukunja midomo. Mishale ilikuwa inakwenda kwenye nyekundu, kwenye bluu, huku wenzake wanaijaza njano. Alivuka kwa kuponea, jina lake likawa huko mkiani, na mwenye kuwa mkiani anapangiwa wenye nguvu.

Wakati wa mapumziko akaja akakaa juu ya boksi letu. Hakutaka chai. Akaweka kidole kwenye ncha ya pua, akakiteremsha mpaka kidevuni, akarudia.

"Uzi unagusa," akasema, "lakini haugusi pale. Najitafuta sijioni. Uso wangu umehama."

Nikamtazama vizuri. Ngozi ya kipaji cha uso inang'aa kwa kuvutwa, vipele vidogo vimetokea kwenye mapindo ya nywele, nyusi bado zinashangaa. Damu ikanipanda. Nywele zangu? Nywele zilizosukwa na mikono hii? Nilishafungua mdomo nimweleze kuwa nimesuka maharusi wa mji huu wasio na hesabu na hakuna hata mmoja aliyelalamika kuwa uso umehama. Dada wa Lubumbashi akasema polepole, "Mi nilisema unakaza mingi," na yeye nikataka kumjibu lake.

Lakini shoga yangu hakuwa ananilaumu. Wala hakuwazia nywele kabisa. Aliangalia chini, akasema, "Labda ni uzee tu, dada. Labda wakuu wa timu wana haki."

Hapo ndipo nilipokasirika kikweli.

"Uzee gani?" nikamwambia. "Uzee gani, wewe? Ni nywele! Mie nimekuvuta kichwa chote jana mpaka nyusi zimehamia nywele, halafu unanyanyuka hapa unasema uzee? Unaidharau mikono yangu? Mikono hii ikitaka kuhamisha uso wa mtu inauhamisha! Hebu inama."

Akanitazama kama mtu aliyeamshwa. "Nywele?"

"Siku za kwanza, mwezi ule, si uliniambia mishale haikukaa? Halafu zikalegea ukawa sawa? Inama, nimekwambia."

Sikuomba radhi. Muda wa radhi haukuwepo. Nilichomoa mkia wa kichana nikaanza kufumua, dada wa Lubumbashi upande wake, mie wangu, nyuzi za bluu na njano zinapeperuka kwenye nyasi. Kazi yangu nzuri kuliko zote, nilikuwa naibomoa mwenyewe na wala haikuniuma. Nilichokuwa nasikia vidoleni ni ile ngozi ikirudi chini taratibu, na yeye akashusha pumzi ndefu.

Tulipomaliza, nywele zikasimama pande zote kama manyoya ya kuku aliyelowa, na upepo ukazidaka zote pamoja. Haiwezekani kupiga hivyo. Kofia alisema inambana, kwa kitambaa akasema hausikii uzi vizuri kidevuni. Zilitakiwa nywele zilizoshikwa, lakini zisizovutwa.

Ndipo vidole vyangu vikaanza vyenyewe, kabla mie sijaamua. Twende kilioni. Watu wa pwani wanaujua msuko huo. Taarifa ya msiba ikifika, mwanamke hawezi kwenda na mapambo kichwani. Anafumuliwa chapuchapu na aliyeko karibu naye, dada au jirani, anasukwa mistari michache minene ya kwenda nyuma, hakuna rasta, hakuna uzi wa rangi, na hakuna kuvuta, maana kichwa cha mfiwa tayari kinamuuma. Hakuna mtu duniani anayelipia msuko ule. Mie sikuwa nimeusuka tangu nilipotoka nyumbani. Na ni msuko pekee ambao mama mkubwa hakuwahi kunipiga kofi kwa kuulegeza.

Nilikuwa kwenye mstari wa tatu nilipousikia mwili wake unatetemeka. Nilidhani baridi. Kumbe analia, yule aliyekuwa hana muda. Analia kwa sauti ya ndani, mikono juu ya magoti, na mie sikuwa nimetamka hata neno moja.

"Lia," nikamwambia. "Muda upo."

Dada wa Lubumbashi akafungua kitenge alichokuwa amejifunga begani, akasimama mbele yetu amekitandaza, akatukinga na upepo na macho ya watu. Akaanza kuimba wimbo wake wa kanisani, chini kwa chini. Nami nikasuka polepole kuliko nilivyowahi kusuka. Moyo wangu ulikuwa umejaa.

Nilipofunga mkia wa mwisho akajipangusa uso kwa mkono wa shati, akapapasa mistari. "Hii inaitwaje?"

Nikasita. Unamwambiaje mtu anayekwenda kupigania riziki yake kwamba umemsuka nywele za msiba? Lakini uongo siujui. Nikamwambia, "Kwetu mtu akifiwa, hivi ndivyo tunavyomsuka kwenda kulia."

Akagusa pua, akagusa kidevu.

"Basi ni zangu," akasema, akauchukua upinde wake.

Mchana sasa wanapigana wawili wawili, anayeshindwa anafungasha. Wa kwanza kumkabili alikuwa kati ya wale waliojaza njano asubuhi. Shoga yangu akavuta, hakusita, akaachia. Njano. Akavuta tena. Njano. Nilimwona akitembea kurudi na ule mwendo wa mtu aliyekuta funguo zake. Akamtoa yule, akamtoa na aliyefuata, na kila mara dada wa Lubumbashi ananifinya paja mpaka leo nina alama.

Ikabaki mechi ya kuingia nusu fainali, na mpinzani wake ni msichana mdogo, mtulivu, mkono haumtetemeki. Wakaenda sare mpaka mwisho. Tukaelezwa na mtu aliyekaa karibu kwamba hapo kila mmoja anapiga mshale mmoja, na ulio karibu zaidi na katikati ndio unaobaki. Mshale mmoja! Ndio uleule uliomnyima safari yake ya zamani. Nikamwomba Mungu, na dada wa Lubumbashi akamwomba wake, kwa wakati mmoja.

Msichana akapiga, mshale ukaingia njano, kando kidogo ya kiini. Watu wakapiga makofi. Shoga yangu akasimama, upepo ukavuma, akangoja. Upepo ukapungua. Akavuta uzi, ukagusa pua, ukagusa kidevu, na mie nikaona kwa macho yangu ule uso umetulia, nyusi ziko kwenye nyumba yake. Nikajua kabla hajaachia. Hakika nilijua.

Mshale ulikaa katikati.

Kule uwanjani watu ni wa kunong'ona, wamekaa kama wako maktaba. Mie nilipiga vigelegele. Nilipiga vile vya Tanga, vya kumtoa bibi harusi ndani, na mwenzangu akaongeza vya Lubumbashi, mpaka mwamuzi akageuka na bendera yake mkononi. Shoga yangu akatutafuta kwa macho, akatuona, akainua upinde juu.

Kesho yake, kwenye nusu fainali, alishindwa. Haikuwa kitu, nafasi yake timuni ilikuwa imeshabaki. Alikuja saluni, akasema anataka nimfundishe ule msuko ajisuke mwenyewe, maana huko aendako mie sitakuwepo. Nikamfundisha kwa siku kadhaa. Mkono wake wa kuvuta upinde ni wa ajabu, lakini wa kusuka, eish, Mungu amsaidie. Toka siku hizo kila mteja namuuliza kwanza, "Nikaze au nisikaze?" Karibu wote wanasema kaza, nami nakaza.

Miezi ikapita, yakafika mashindano ya dunia. Tuliweka simu kwenye kioo, tumeiegemeza kwenye kopo la nta. Kwenye kiti nilikuwa na mteja, binti aliyezaliwa hapahapa, anayeelewa Kiswahili ila anajibu Kizulu. Mara akatokea shoga yangu kwenye mstari, bendera yake begani, wengine wote nywele zimelazwa kwa mafuta zinang'aa. Yeye kichwani ana twende kilioni aliyojisuka mwenyewe. Mistari imepinda kama njia ya mbuzi, mmoja mnene, mmoja mwembamba, nyuma kumefungwa kwa lastiki.

Binti akacheka. Kwa mara ya kwanza akaniambia kwa Kiswahili, "Mama, nani amemsuka vibaya hivyo?"

"Nyamaza," nikamwambia. "Tazama uso."

Uzi ukagusa pua. Ukagusa kidevu. Uso ulikuwa mahali pake.